Namna ya Kuchagua kati ya "Historic" na "Historical" Unapotafsiri "ya Kihistoria"

Mtu anayeandika taarifa kwa Kiingereza hapa Dodoma hukutana na maneno "ya kihistoria" karibu kila wiki. Yamo katika hotuba za uzinduzi, katika vipeperushi vya utalii wa Kondoa, katika takwimu za mvua na mavuno, na katika maandiko ya wanafunzi wa vyuo. Kwa Kiswahili maneno hayo hayamsumbui mtu, kwa sababu msomaji huelewa maana kutokana na jambo linalozungumzwa. Shida huanza yanapovushwa kwenda Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza kina vivumishi viwili, "historic" na "historical", vinavyogawana kazi ambayo sisi tumelikabidhi neno moja.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, kazi ya kuandika kwa lugha mbili imeongezeka sana, na mimi nimeifanya kwa muda wa kutosha kuona kwamba kukariri fasili za kamusi hakumsaidii mwandishi kwa kiasi anachotarajia. Mwandishi wetu haanzi na neno la Kiingereza akatafuta maana yake; anaanza na "ya kihistoria", ambayo tayari iko kichwani mwake, kisha analazimika kuigawa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye Kiswahili, na Kiingereza kinafuata nyuma yake.

Hatua ya 1: Ipasue "ya kihistoria" kabla ya kuitafsiri

Kiambishi "ki" kilicho katika "kihistoria" ni kile kile cha "kisheria", "kiuchumi" na "kisiasa". Kinaonyesha kwamba jambo lina uhusiano na historia, lakini hakisemi ni uhusiano wa namna gani. Ndani yake mna maana mbili ambazo Mswahili huzitenganisha bila kujua. Ya kwanza ni kwamba jambo limeweka historia, yaani lina uzito utakaofanya vizazi vijavyo vilitaje. Ya pili ni kwamba jambo linahusu historia, yaani linatoka zamani, linaeleza ya zamani, au linatumiwa kuichunguza zamani.

Chukua sentensi yako ya Kiswahili, ondoa "ya kihistoria", kisha weka mahali pake "iliyoweka historia". Sentensi ikiendelea kusema kile ulichokusudia, andika "historic". Ikiwa imepotoka, jaribu "inayohusu mambo ya zamani". Ikikubali, andika "historical". Ninapendekeza ufanye jaribio hili kwa maandishi, au angalau kwa sauti, mpaka liwe tabia, kwa sababu macho hupita haraka na sikio ndilo hugundua kasoro.

Tuseme umeandika, "Uamuzi wa kihistoria wa TANU wa mwaka 1973 uliifanya Dodoma kuwa makao makuu mapya." Ukiweka "uamuzi ulioweka historia", maana inabaki ilivyokuwa, basi ni "historic decision". Sasa tuseme umeandika, "Anafanya utafiti wa kihistoria kuhusu ufugaji wa Wagogo." Ukiweka "utafiti ulioweka historia", umemsifu mtafiti ambaye pengine hajamaliza hata kukusanya masimulizi ya wazee. Ulichotaka ni utafiti unaohusu zamani, nao ni "historical research".

Hatua ya 2: Uliza swali la wakati

Jaribio la kwanza linatatua sehemu kubwa ya sentensi. Linapoleta mashaka, jiulize kama jambo hilo linaweza kuwa la leo. "Historic" inaweza kusemwa juu ya tukio siku ile ile linapotokea. Treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, mtu aliyekuwa amesimama kituoni angeweza kuiita safari hiyo "historic" kabla treni haijasimama, kwa sababu alikuwa anaeleza uzito wake. Asingeweza kuiita "historical", kwa kuwa neno hilo linahitaji zamani nyuma yake.

Upande wa pili wa swali hili watu wengi huusahau: jambo linaweza kuwa "historical" bila kuwa na umuhimu wowote mkubwa. Daftari la miaka ya 1960 lenye kumbukumbu za kikao cha kijiji kuhusu zamu za kuogesha ng'ombe kwenye josho ni "historical document". Hakuna taifa lililobadilika kwa sababu ya kikao kile, lakini daftari linatueleza watu waliishi vipi, na mwanahistoria atalishika kwa mikono miwili. Ukiliita "historic document", msomaji wa Kiingereza atatazamia kitu cha uzito wa Azimio la Arusha.

Nililijua jambo hili kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri taarifa ya mradi mmoja wa kilimo wilayani Bahi, na juu ya jedwali la mvua za miaka iliyopita nikaandika "historic rainfall". Msomaji wa upande wa pili, mtu makini, akatumia muda wake kutafuta ndani ya jedwali ni mwaka gani uliokuwa na mvua ya ajabu. Hakuuona, kwa sababu haukuwapo. Zilikuwa mvua za kawaida za Dodoma, zinazonyesha kwa msimu mmoja na kuleta kati ya milimita 500 na 600 hivi kwa mwaka. Akaandika kuuliza kama kuna ukurasa uliopotea. Nilichopaswa kuandika ni "historical rainfall data", yaani takwimu za mvua za miaka ya nyuma. Kama jedwali lingehusu mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 peke yake, "historic rainfall" ingeweza kutetewa, maana mvua zile watu wanazitaja mpaka leo.

Hatua ya 3: Itazame nomino inayofuata

Kivumishi cha Kiingereza hukaa mbele ya nomino, na nomino nyingi zimeshachagua upande wao. Huna haja ya kuzikariri zote, kwani ukielewa kwa nini zimechagua, nyingine utazitambua mwenyewe.

Nomino zinazotaja tendo au wakati wenye uzito huelekea kwenye "historic": uamuzi, ushindi, makubaliano, ziara, hotuba, siku, hafla. Ndiyo maana tarehe 26 Aprili 2018, Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji, ni "historic day". Nomino zinazotaja vyombo vya kuijua zamani, au vitu vilivyobaki kutoka huko, huelekea kwenye "historical": utafiti, ushahidi, takwimu, kumbukumbu, nyaraka, muktadha, usuli, isimu. Mtu anayelinganisha Kigogo na Kihehe ili kujua lugha hizo zimetokaje katika shina moja la Kibantu anafanya "historical linguistics". Hakuna njia ya kusema "historic" hapo, hata kama matokeo yake yatawashangaza wataalamu wote.

Penye utajiri ni pale nomino moja inapokubali vyote viwili na kubadilika maana. "Historical novel" ni riwaya inayosimulia nyakati zilizopita, hata kama imechapishwa mwaka jana. "Historic novel" ni riwaya iliyobadilisha mwelekeo wa fasihi, hata kama inasimulia mambo ya kesho. "Historical event" ni tukio lolote lililotokea zamani na linaloweza kuthibitishwa. "Historic event" ni lile lililogeuza mambo. Ujenzi wa Reli ya Kati katika enzi ya utawala wa Wajerumani ni "historical event" bila ubishi, na kwa mtu wa Dodoma ni "historic" pia, kwa sababu mji wenyewe ulikua kwa kuwa kituo cha reli hiyo. Kupitishwa kwa treni fulani ya mizigo katika wiki fulani ya miaka ile kunabaki "historical" tu.

Kongwa inatoa mfano mwingine mzuri. Mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza huko mwaka 1947 ulianguka vibaya na kuachwa baada ya miaka michache. Katika taarifa ya kilimo unaweza kuandika "historical land use" ukimaanisha jinsi ardhi ile ilivyotumika zamani, mradi wa karanga ukiwa ndani yake. Lakini ukiandika "a historic failure", umeshahukumu: unasema anguko lile lilikuwa kubwa kiasi cha kubaki kuwa funzo. Wilaya hiyo hiyo, katika miaka ya 1960, ilikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwamo wa FRELIMO na ANC. Mtu akiandika juu ya mchango wa Kongwa katika ukombozi, "historic role" ndiyo tafsiri sahihi, na kuandika "historical role" kungeupunguza mchango huo hadi kuwa habari ya kale tu. Mimi singekubali upunguzwe hivyo.

Hatua ya 4: Tenganisha kilichokuwapo na kinachosimuliwa

"Historical" ina kazi moja zaidi ambayo "historic" haina kabisa: hutofautisha mtu au jambo lililopata kuwapo kweli na lile la hadithi. Hapa kwetu tofauti hii ni ya lazima, maana masimulizi ya mdomo yamejaa vyote viwili. Mtemi Mazengo wa Wagogo ni "historical figure", kwa maana kwamba aliishi, alitawala, na jina lake limebaki. Simulizi ya tembo aliyezama matopeni, ambayo kwayo watu hueleza jina la Dodoma kutokana na neno la Kigogo "idodomya", yaani "amezama", ni ya aina nyingine. Ni mapokeo tunayoyaenzi, lakini tembo huyo hatuwezi kumwita "historical elephant", wala tukio lile "historical event". Kwa Kiingereza yanafaa maneno kama "traditional account" au "legend", na kuyatumia hakuvunji heshima ya wazee walioyatunza.

Ukitaka kusema kwamba Mazengo alikuwa na uzito mkubwa katika maisha ya watu wake, hapo ndipo "historic figure" inapoingia. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kubeba vivumishi vyote viwili, kila kimoja kikijibu swali lake: "historical" hujibu kama aliishi, na "historic" hujibu alikuwa na uzito gani.

Hatua ya 5: Kuwa mwangalifu zaidi unapoandika juu ya mahali

Majengo, miji na maeneo ya urithi yana desturi yake. Kiingereza hupenda "historic building", "historic town" na "historic site" kwa mahali panapostahili kuhifadhiwa, hata kama hakuna tukio moja kubwa lililotokea hapo. Boma la enzi ya Wajerumani katika mji wa zamani wa misafara kama Mpwapwa linaweza kuitwa "historic building", kwa kuwa umri wake na yale liliyoyashuhudia vimelipa thamani. "Historical site" nayo utaikuta katika maandishi mengi na si kosa, lakini waandishi waangalifu huitumia mahali panapozungumziwa kama chanzo cha habari za zamani.

Kijana mmoja anayewaongoza wageni huko Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani, aliwahi kunipigia simu akiwa anajiandaa kupeleka maneno ya kibao kwa mchoraji.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba unisaidie, hapa niandike historic au historical?"

"Marahaba, mwanangu. Kwanza niambie, kibao kinataja mahali penyewe au kinaeleza habari za mahali hapo?"

Akajibu kwamba juu kuna jina la eneo na chini kuna maelezo. Basi nikamwambia kwamba kichwa cha yale maelezo kiwe "Historical background", kwa kuwa usuli ni habari ya zamani. Kwa sehemu ya juu nilimshauri asitumie neno lolote kati ya yale mawili. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, imetawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336 lenye mapango na miamba zaidi ya 150 yenye michoro, na sehemu ya michoro hiyo ilichorwa na watu walioishi kabla ya kuwapo maandishi yoyote katika nchi hii. Kwa kazi ya namna hiyo Kiingereza kina neno la tatu, "prehistoric", lenye maana ya enzi za kabla ya kumbukumbu za maandishi. Neno hilo ndilo huzaa matumizi ya kitaalamu ya "historic period" katika akiolojia, yaani kipindi ambacho maandishi yapo. Hapo "historic" haisifii chochote. Ukihariri kazi ya mwanaakiolojia, usiiguse.

Tena kuna jambo la kuzingatia kuhusu Kondoa. Baadhi ya mapango yale, likiwamo la Mongomi wa Kolo, bado hutumiwa na wenyeji kwa matambiko ya kuomba mvua na uponyaji. Mwandishi akiyaelezea kwa "historical" tu, msomaji ataelewa kwamba desturi hizo zimekwisha. Ongeza maneno yanayoonyesha kwamba mahali hapo pangali hai, kama "still in use", ili kivumishi kimoja kisiwaondoe watu wanaopatumia leo.

Hatua ya 6: Katika bei na hesabu, usikisie

Wakulima wa zabibu na wanaowaandikia taarifa wanahitaji kujua kwamba "historical prices" ni bei za miaka iliyopita, ziwe za juu au za chini, wakati "a historic high" ni bei iliyopanda hadi kiwango kisichowahi kufikiwa. Kubadilisha moja kwa nyingine katika andiko la kuomba mkopo kunaweza kumfanya mkopeshaji adhani kwamba bei za zabibu zimevunja rekodi, kumbe umeambatanisha orodha tu. Wahasibu nao wana "historical cost", yaani gharama halisi iliyolipwa mali iliponunuliwa, na neno hilo halibadiliki hata mali ikiwa trekta iliyonunuliwa mwezi uliopita. Hapa "historical" inamaanisha tu kwamba malipo yameshapita.

Hatua ya 7: Kagua sarufi ndogo ndogo

Maneno yote mawili hutamkwa kwa mkazo kwenye silabi ya pili. Mbele yake unaweza kukuta "a" au "an". Leo "a historic" ndiyo imeenea zaidi, na ukiichagua itumie katika andiko zima. Kielezi ni kimoja tu, "historically", kinachohudumia vivumishi vyote viwili, kwa hiyo usibuni kingine.

Hatua ya 8: Amua kama neno linastahili kuwapo

Hatua hii ninaijali kuliko zote. Katika hotuba zetu "ya kihistoria" imekuwa pia neno la heshima: uzinduzi wa kisima ni wa kihistoria, ziara ya mkurugenzi ni ya kihistoria, hata kikao cha robo mwaka. Kwa Kiswahili msikilizaji hupokea heshima hiyo na kuendelea. Kwa Kiingereza "historic" ni neno zito, na likirudiwa mara tano katika ukurasa mmoja, msomaji huacha kumwamini mwandishi hata pale anaposema kweli. Tafuta kilichokusudiwa. Ikiwa kisima ni cha kwanza katika kijiji, andika kwamba ni "the first". Habari hiyo ina nguvu kuliko sifa. Ikiwa ziara ilileta fedha za barabara, zitaje fedha hizo na barabara hiyo. Mtoa hotuba hapunguziwi kitu, na wale akina mama waliokuwa wakitembea saa mbili kutafuta maji wanaonekana vizuri zaidi.

Zoezi

Jaribu sentensi hizi kabla ya kusoma majibu. "Ramani ya kihistoria ya njia za misafara kupita Mpwapwa" ni "historical map", kwa kuwa inaonyesha mambo ya zamani, hata kama ilichorwa kwa kompyuta juzi. "Bunge lilifanya kikao cha kihistoria mwaka 2018 lilipopitisha sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi" ni "historic session". "Tunahitaji takwimu za kihistoria za mavuno ya uwele na mtama wilayani Chamwino" ni "historical data". "Mavazi ya kihistoria yaliyovaliwa na waigizaji" ni "historical costumes", isipokuwa kama ni nguo zenyewe alizovaa mtu mashuhuri siku ya tukio kubwa.

Ya mwisho ina "ya kihistoria" moja inayoficha zote mbili: "Nyaraka za uamuzi wa kihistoria wa mwaka 1973 zihifadhiwe vizuri." Kiswahili kimeweka sifa kwenye uamuzi na kuziacha nyaraka zijieleze zenyewe. Mtafsiri anayetaka msomaji wa Kiingereza aone uzito wa uamuzi na pia thamani ya karatasi zilizobaki kwa mtafiti atavitumia vivumishi vyote viwili, kila kimoja mahali pake: "The historical records of the historic decision of 1973 should be well preserved."